Kabla Hujapiga Window: Kizuia Matangazo Kipi Kikae Kwenye Laptopu Yako?

Mwezi wa kwanza, wiki ile shule zinafunguliwa, mwalimu mmoja wa sekondari aliingia dukani kwangu kaikumbatia laptopu kama mtoto mwenye homa. Salamu haijaisha: "Fundi, naomba uipige window tu. Imejaa virusi." Yaani niifute Windows na kuiweka upya. Nikamwambia, "Karibu uketi, mwalimu. Tuiwashe kwanza tuione."

Ikawaka kwa kujikokota. Tulipofungua Chrome, kona ya chini kulia kikachomoza kisanduku chenye alama nyekundu: kompyuta yako ina virusi 5, bofya hapa uisafishe. Hatujamaliza kukisoma, kikaja cha pili, kisha cha tatu, hiki kikidai ulinzi wake umekwisha muda. Hapo ndipo wengi wanapotoa hela ya window. Na window ikishapigwa, visanduku vinapotea kweli. Kisha mtu anaingia na akaunti yake ya Google, Chrome inamrudishia viendelezi vyake vyote (programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari) kama vilivyokuwa, anatembelea tena tovuti ileile ya filamu za bure, na safari inaanza upya.

Visanduku vile si virusi, ni arifa. Tovuti ilimwambia abofye "Ruhusu" kuthibitisha kwamba yeye si roboti, naye akabofya, na tangu siku hiyo ina ruhusa ya kumrushia ujumbe hata akiwa hayuko kwenye tovuti hiyo. Dawa yake iko Mipangilio, halafu Faragha na usalama, halafu Mipangilio ya tovuti, halafu Arifa. Pale utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Ya mwalimu ilikuwa na majina kumi na kitu ambayo hata kuyatamka ni kazi. Tukayafuta yote, tukazizuia tovuti zisiombe tena. Kizuia matangazo hakiondoi ruhusa ambayo umeitoa mwenyewe kwa mkono wako, kwa hiyo anza hapa hata kama una kizuia kizuri kuliko vyote.

Kisha tukafungua ukurasa wa viendelezi. Vilikuwa kumi na kimoja: viwili vya kupakua video, vingine vya kugeuza PDF kuwa Word, kimoja cha hali ya hewa (ya nini, na dirisha lipo?), na vizuia matangazo vitatu, vyote vimewashwa, vyote vinapekua ukurasa uleule. Mwalimu akauliza swali la maana: "Sasa niache kipi?"

Jibu ndilo makala haya. Lakini kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu jambo moja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie safu ya diski kwenye dirisha litakalofunguka. Kama inasoma asilimia 100 muda wote wakati hujafungua kitu chochote, na diski yako ni ile ya zamani inayozunguka, hakuna kiendelezi duniani kitakachokuokoa. Weka SSD, diski isiyozunguka. Mashine ya miaka kumi iliyowekewa SSD huwa mashine nyingine kabisa, na ni kazi ya nusu saa ukitoa muda wa kuhamisha mafaili. Kama diski imetulia ila RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imejaa na kivinjari ndicho kinachoongoza, endelea kusoma.

Majina yanayofanana, tabia tofauti

Watu wakisema "weka adblock" wanadhani ni kitu kimoja. Sivyo, na majina yenyewe yanachanganya makusudi. Mwezi wa nne mwaka 2018 Google iliviondoa dukani kwake viendelezi bandia vilivyojiita vizuia matangazo baada ya kampuni ya AdGuard kuvifichua. Kwa pamoja vilikuwa vimewekwa na watu zaidi ya milioni 20. Kimoja kilijiita uBlock Plus, yaani kimeazima nusu ya jina huku na nusu kule. Kwa hiyo ukienda kutafuta, soma jina mpaka herufi ya mwisho.

Vya kweli ninavyovilinganisha ni vitatu: Adblock Plus, uBlock Origin, na uBlock Origin Lite.

Adblock Plus ndicho mkongwe. Wladimir Palant alikianzisha mwaka 2006, na sasa kinasimamiwa na kampuni ya eyeo ya Cologne, Ujerumani. Ni rahisi kutumia na kina sura ya kirafiki. Tatizo langu nacho ni moja: tangu mwisho wa 2011 kinaruhusu matangazo kinayoyaita "yanayokubalika", na ruhusa hiyo inakuja ikiwa imewashwa tayari. Kampuni kubwa hulipa ili ziwemo kwenye orodha hiyo, ingawa eyeo wenyewe wanasema wengi walioko humo hawalipi kitu. Mimi siwaiti wezi. Matangazo yale kweli ni ya adabu, hayarukiruki wala hayapigi kelele. Lakini mtu aliyekuja dukani kwangu kwa sababu bando linaisha hajanituma nimchagulie matangazo ya adabu. Unaweza kuyazima: ingia kwenye mipangilio yake, ondoa tiki. Wangapi wanafika huko?

uBlock Origin ni kazi ya Raymond Hill. Aliitoa uBlock ya kwanza mwaka 2014, mwaka uliofuata akamkabidhi mtu mwingine mradi ule, hawakuelewana namna ya kuuendesha, akaendelea na nakala yake mwenyewe akaiita Origin, yaani ya asili. Ile uBlock aliyoiacha iliuzwa baadaye na nayo ikaingia kwenye mpango wa "matangazo yanayokubalika". Ndiyo maana nasisitiza neno Origin. Hill haombi hata mchango, na hakuna anayelipa ili apitishwe.

uBlock Origin Lite ni ya mtu huyohuyo, ila imeandikwa upya kwa sababu Google ilibadilisha sheria za nyumba. Hapa inabidi nieleze, maana ndipo uamuzi wako wote ulipo.

Bawabu na orodha

Zamani kizuia matangazo kilikuwa kama bawabu. Kila ombi linalotaka kuingia, iwe picha, video au msimbo wa kufuatilia nyendo zako, kivinjari kilimgeukia bawabu: huyu apite? Bawabu anaangalia anakotoka, anakokwenda, anaamua papo hapo. uBlock Origin ndivyo inavyofanya kazi.

Katika utaratibu mpya wa Chrome, unaoitwa Manifest V3, bawabu hasimami tena getini. Anaandika orodha ya wasiotakiwa, anaikabidhi kwa kivinjari, kivinjari chenyewe ndicho kinachozuia. Lite inafanya hivyo. Chrome ilianza kuvizima viendelezi vya utaratibu wa zamani mwaka 2024, na kufikia katikati ya 2025 mlango ulifungwa kabisa. Kama Chrome yako siku moja ilikuambia uBlock Origin haitumiki tena, hukuharibu kitu. Ndicho kilichotokea.

Lite inapungukiwa wapi? Orodha yake inasasishwa pale tu kiendelezi chenyewe kinaposasishwa, wakati Origin inajichotea orodha mpya bila kusubiri mtu. YouTube ikibadilisha mbinu leo, Origin huwa ya kwanza kuamka. Vilevile Lite haina vitasa vingi vya kuamua tovuti kwa tovuti.

Lakini nisiidhulumu, maana kuna mambo mawili inayomshinda kaka yake. Kwanza, kwa kuwa kivinjari ndicho kinachofanya kazi, Lite haihitaji kubaki macho muda wote ikila kumbukumbu. Kwenye mashine ya RAM ya GB 2, na bado naziona, hilo si dogo. Pili, kwenye kiwango chake cha msingi cha kuzuia haihitaji ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila ukurasa unaoufungua. Mtu anayefanya kazi za ofisi zenye siri za watu ana haki ya kulijali hilo.

Lite ina viwango vya kuzuia unavyovichagua kwa kusogeza kitufe unapobofya alama yake. Kikiachwa chini, watu huniambia "haifanyi kazi". Kisogeze juu, ukubali ruhusa ikiombwa, uone tofauti.

Jambo moja kuhusu bando

Nimeshangaa mara nyingi jinsi mafundi wenzangu wanavyoiruka sehemu hii. Ndani ya mipangilio ya uBlock Origin, kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kuna mstari wa kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa fulani. Kipimo kilichoandikwa pale ni KB 50, na huwa hakijawashwa. Kiwashe. Kisha fungua gazeti lolote la mtandaoni: maandishi yanakuja upesi, na mahali pa picha kubwa panabaki kisanduku kitupu. Ukiitaka picha, unakibofya kisanduku chake, inakuja hiyo peke yake. Ukiona hupendi hivyo kwenye tovuti fulani, kwa mfano ya kununulia nguo, bofya alama ya uBlock, halafu kialama cha mkanda wa filamu, na tovuti hiyo itaachwa huru.

Kwa mtu wa WiFi ya ofisini hii ni mapambo. Kwa mwanafunzi anayejiunga na simu yake kwa hotspot na bando la siku, hii peke yake inatosha kumfanya achague Origin badala ya Lite, kwa sababu Lite haina kitu hicho.

Kwa hiyo kivinjari gani?

Ukishaelewa habari ya bawabu, utaona kwamba hatuchagui kivinjari halafu kiendelezi. Ni kinyume chake.

Firefox imesema itaendelea kumwacha bawabu getini, kwa hiyo uBlock Origin kamili inafanya kazi humo bila mgogoro. Inafanya kazi hata kwenye Firefox ya simu za Android, jambo ambalo Chrome ya simu haikupi kabisa. Udhaifu wake? Kuna mifumo ya maombi na ya malipo ambayo walioitengeneza waliijaribu kwenye Chrome tu wakaenda nyumbani. Nimeshakesha na mteja kwenye fomu moja ambayo kitufe cha kutuma kiligoma Firefox, tukaihamishia Chrome ikapita mara moja. Siku hizi nawaachia watu vivinjari vyote viwili: Firefox ya kusomea na kuzurura, Chrome ya fomu.

Wenye Windows 7 na 8, ninyi hamna uchaguzi mpana. Chrome iliishia toleo la 109 kwenu mwanzoni mwa 2023. Firefox 115 ndiyo ya mwisho kwa upande wao, na uBlock Origin inakaa humo vizuri. Ila mfumo wenyewe ni wa zamani, usiutumie kwa mambo ya benki. Na Windows 10 nayo ilifikia kikomo chake cha kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi mtaanza kuulizana maswali hayahaya.

Brave nayo inatajwa sana. Imejengwa juu ya msingi uleule wa Chrome, lakini kizuia matangazo kimo ndani yake tangu unapoisakinisha, huweki kiendelezi chochote. Mtu asiyetaka kusikia habari za mipangilio namwekea hiyo. Kinachoniudhi ni pochi ya sarafu za kidijitali na zawadi zinazojitokeza kwenye ukurasa wa kwanza. Mzee mmoja aliniuliza kama ameshinda bahati nasibu. Vinazimika, lakini uvizime wewe fundi kabla hujamkabidhi mtu mashine.

Kwa mwalimu nilichagua Firefox na uBlock Origin, na Chrome tukaiacha na Lite peke yake. Viendelezi kumi vingine vilikwenda. Kimoja cha PDF alikitetea kidogo: "Hicho huwa nakitumia." Mara ya mwisho lini? Akacheka.

Vichupo sitini

Ukiwa ndani ya Chrome, bonyeza Shift na Esc. Utaona kila kichupo (tab) na kila kiendelezi kinakula kiasi gani cha kumbukumbu. Kwenye Firefox andika about:processes pale juu panapoandikwa anwani. Mara nyingi utagundua mlaji mkuu ni vichupo ulivyoviacha wazi tangu juzi, na kiendelezi hakina kosa.

Watu hukimbilia kiendelezi cha kuvilaza vichupo. Kuna hadithi hapa. The Great Suspender kilikuwa kipenzi cha watu zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2020 mwenyewe alikiuza, na mwezi wa pili 2021 Google ikakizima kwa sababu kilikuwa na programu hasidi. Ni kama nyumba kuuzwa na wapangaji wakiwa ndani: mwenye nyumba mpya ana funguo zote, na wewe hukuambiwa.

Ndiyo maana kwa vichupo sishauri kiendelezi, maana vivinjari sasa vinafanya kazi hiyo vyenyewe. Chrome ina kipengele cha kuokoa kumbukumbu tangu mwisho wa 2022, kiko kwenye Mipangilio sehemu ya Utendaji. Hakilazi kichupo chenye fomu uliyoanza kuijaza wala kinachopiga muziki, na unaweza kukiandikia tovuti zisizoguswa. Anayejaza maombi ya kazi aandike humo tovuti ya maombi, kwa usalama zaidi. Firefox, tangu toleo la 140, inakuruhusu kubofya kichupo kwa kitufe cha kulia na kukipumzisha wewe mwenyewe. Ninaipenda zaidi hii kwa sababu uamuzi ni wako.

Anayekusanya vichupo kama kumbukumbu, mathalani mwanafunzi anayeandika tasnifu, anaweza kutumia OneTab, ambacho hugeuza vichupo vyote kuwa orodha moja ya viungo. Lakini uihamishe orodha hiyo kwenye faili mara kwa mara. Ukikiondoa kiendelezi, orodha inakwenda nacho, na nimeshaona mtu akishika kichwa.

Nywila, kwa ufupi

Kama mashine ni yako peke yako na ina nywila ya kuiwashia, acha kivinjari kikutunzie nywila zako, kinatosha. Kama mnaitumia wengi, nyumbani au ofisini, atakayekaa kwenye kiti ataingia kwenye akaunti zako bila kuulizwa. Hapo Bitwarden inafaa zaidi: ni ya bure kwa vifaa vyote utakavyo, inajifunga, na inafunguka kwa nywila kuu moja. Hiyo moja ukiisahau, hata wao hawawezi kukufungulia, kwa hiyo iandike mahali, na si kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Na ukiwa steshenari kama yangu, omba ufunguliwe dirisha la Mgeni. Ukilifunga, historia na akaunti zako hazibaki, ila mafaili uliyopakua yafute mwenyewe.

Tovuti ikigoma

Mwalimu alirudi baada ya wiki mbili, safari hii laptopu iko kwenye begi. Mashine inakimbia, akasema, lakini kuna tovuti ya masomo anayoitumia kupakua maswali na kitufe cha kupakua hakionekani. Hili litakutokea na wewe, kwa hiyo ujue la kufanya kabla hujakiondoa kiendelezi kizima. Ukiwa kwenye tovuti yenyewe, bofya alama ya uBlock juu kulia, kisha kile kitufe kikubwa chenye alama ya kuwashia umeme. Rangi itafifia. Pakia ukurasa upya. Umeizima kwa tovuti hiyo tu, kwingine inaendelea na kazi, na itakumbuka hivyo hata kesho.

Mimi hufanya hivyo kwa hiari kwenye magazeti mawili ya hapa nyumbani ninayoyasoma kila siku, kwa sababu waandishi wao wanakula kwa matangazo hayo. Mwalimu alifanya kwa ajili ya maswali yake. Kitufe kikatokea, akapakua ya kidato cha pili na cha nne, akaniomba nimchapishie nakala arobaini.